Mafunjo ya Korongo

Siku mliyoniaga, emsii alisimama na kusema kwamba Mama Nekesa amepanda maua hapa kwa miaka ishirini na mmoja. Mkapiga makofi. Nilinyamaza kwa sababu keki ilikuwa bado haijakatwa, lakini sifa ile ilikuwa ya uongo na imenikaa kooni tangu siku hiyo. Miaka tisa ya kwanza nilikuwa naua. Miaka iliyofuata nilijaribu kurudisha nilichoua, na mwaka huu wa mwisho nimeona kilichorudi kikiuawa tena na watu waliosoma kunizidi. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mliobaki na reki na wilbaro, muwe na kitu cha kushikilia siku mtakapoambiwa mfanye upuuzi.

Nilianza kazi mwezi mmoja baada ya Mzee Ekisa kufungua uwanja wake wa harusi nje kidogo ya Adungosi. Mzee alikuwa ametoka kwenye shughuli za kupitisha mizigo mpakani Malaba, akanunua shamba linaloteremka mpaka kwenye kinamasi, akaona kwamba watu wa hapa wamechoka kuoana chini ya turubai nyuma ya jikoni. Hapo hakukosea. Mimi nilikuwa nimeolewa Adungosi kutoka Funyula, natafuta kibarua chochote ambacho si kulima muhogo wa mtu mwingine. Msimamizi wa bustani, Barasa, naye alikuwa wa Funyula. Aliposikia lafudhi yangu hakuniuliza swali la pili.

Siku ya kwanza alinipa ufagio wa vijiti na kunionyesha uwanja.

"Fagia mpaka nione wekundu," akasema.

Nilifagia kutoka saa moja asubuhi mpaka saa sita. Niliondoa majani, nikaondoa vijiti, nikaondoa na nyasi zilizokuwa zikijaribu maisha. Barasa akaja, akapita polepole na mikono nyuma, kisha akainama na kuokota jani moja la mkaratusi. Akaniwekea mbele ya pua.

"Na huyu ni nani?"

Hiyo ndiyo shule niliyopitia. Kwetu, boma lililofagiwa mpaka udongo ukang'aa ni heshima ya mwanamke, na Barasa aliichukua heshima hiyo akaitandaza kwenye ekari sita. Tulipaka mawe chokaa. Tulipaka miti chokaa mpaka kiunoni. Kuku akisimama mahali pamoja muda mrefu, naye alikuwa hatarini. Kila Alhamisi nilibeba pampu ya dawa mgongoni na kupuliza kingo zote, kwa sababu Jumamosi kuna harusi na hakuna bibi harusi anayetaka panzi kwenye gauni. Ukingo wa kinamasi tuliuchoma moto kila kiangazi. Tuliita hayo yote usafi.

Nisimseme Barasa vibaya tu. Alinifundisha kunoa panga kwa jiwe lenye maji, si jiwe kavu, na kunoa upande mmoja ili likate chini bila kuruka. Alinifundisha kwamba mche ukitoka kwenye mfuko na mizizi imejizungusha, ukate ule mzunguko kabla ya kupanda, la sivyo mti utajinyonga wenyewe baada ya miaka minne nawe utalaumu mvua. Hayo bado ni kweli. Shida ni kwamba mtu anaweza kuwa fundi hodari wa jambo baya, na Barasa alikuwa hodari, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora.

Mwaka wa tisa kamati moja ya harusi ilikuja kukagua uwanja. Walitaka hema kubwa kuliko yote tuliyowahi kusimamisha, na upande wa chini kulikuwa na kichuguu. Mwenyekiti wa kamati akakiangalia kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni. Picha zitaonekana za shambani, akasema. Alikuwa amesimama shambani.

Mzee Ekisa akaniita. "Mama Nekesa, hicho kitu kimalize."

Nilijua. Naandika hivi ili msidhani nilikuwa mjinga. Mimi ni mtu wa Samia, kule Funyula, nimelelewa kwa kumbikumbi, nimekula wabichi, wa kukaanga na wa kusagwa. Nilijua kwamba huku hakuna kichuguu kisicho na mwenyewe. Nilijua pia mwenye kile: Mama Amoding, jirani yetu wa upande wa kinamasi. Mume wake alipomuuzia Mzee shamba, walikubaliana mbele ya wazee kwamba kichuguu kinabaki cha mke wake, na kila mvua ikianza ataingia kuvuna. Mzee alikuwa amesahau, au alisema amesahau. Mimi sikuwa nimesahau. Nilijaza pampu mara mbili na kumimina dawa kwenye matundu yote, nikamalizia kwa maji ya moto. Kisha nikakisawazisha kwa jembe na kufagia juu yake.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi, nikiwa nafunga riboni kwenye nguzo za hema, Mama Amoding akaingia kwa njia yake ya siku zote na karai kichwani na blanketi kuukuu begani, lile la kufunikia kichuguu kumbikumbi wasiruke. Alisimama pale kilipokuwa. Akaweka karai chini. Nilishuka kwenye ngazi.

"Mama Nekesa," akasema, "umeua jiko langu."

Hakupaza sauti. Alikaa pale pale pembeni ya hema mpaka alasiri, na harusi ikaendelea juu ya kichwa chake. Wageni walidhani ni shangazi wa mtu. Wakamletea sahani ya pilau na soda, naye hakugusa. Mimi nilipita mbele yake labda mara ishirini siku ile na kila mara nilikuwa na kitu cha haraka mkononi. Aibu ile sijawahi kumweleza mtu.

Baada ya wiki nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari. Alizipokea, akaziweka mezani, akanitazama.

"Pole nimesikia. Sasa utafanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa pole peke yake. Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu wangu wa pili. Mama Amoding hakuwahi kwenda kozi yoyote ya bustani, na sasa kila mwaka wanakuja watu wenye kozi kutufundisha robo ya alichokijua. Alinitembeza kwenye shamba letu wenyewe na kunionyesha tulichofanya. Ile safu ya mikaratusi ukingoni, iliyopandwa ili iwe kivuli cha kuegesha magari, ilikuwa imekunywa kinamasi mpaka kikarudi nyuma. Pale palipokuwa na maji alipoolewa, palikuwa na udongo uliopasuka. Zamani korongo wenye taji walikuwa wakitaga hapa, akasema, na watoto walikuwa wakiwaiga wanavyocheza.

"Nyinyi mlianza kuua maji," akaniambia. "Wadudu mliua baadaye, kumalizia tu."

Kumshawishi Mzee Ekisa kulinichukua mwaka mzima, na sikumshawishi kwa maneno. Ule uwanja wetu uliofagiwa mpaka wekundu ulikuwa vumbi wakati wa jua na utelezi wakati wa mvua. Bibi harusi mmoja aliteleza akiwa anaingia na kukaa chini kabisa mbele ya wageni, gauni likawa na rangi ya matofali mpaka mgongoni. Mama yake alisema maneno ambayo padri alijifanya hakuyasikia. Jumatatu Mzee akaniita na kuniambia naweza kujaribu hayo mambo yangu na Mama Amoding, nyasi na nini, lakini kwenye kona ya chini tu, mahali ambapo meza kuu haioni. Kwa hiyo uhai uliruhusiwa kurudi kwenye shamba hili kwa sharti la kujificha.

Tulikata mikaratusi. Barasa alikuwa karibu kustaafu, na alitusaidia huku akinung'unika kama anayebomoa kanisa. Kisiki cha mkaratusi hakifi kwa kukatwa, huchipua kwa hasira. Hatukutumia dawa. Tulichimba kuzunguka kila kisiki, tukachuna gome mpaka chini ya udongo, na kila chipukizi likitokea tunalikwanyua likiwa bado laini. Ilichukua misimu mitatu. Ukiona mtu anakwambia kuna njia ya mkato, mwulize anauza nini.

Maji yalirudi mwaka wa pili. Waliofuata kwanza walikuwa vyura, na walirudi na kelele zao zote. Kuna harusi ambayo padri alimwuliza bwana harusi swali lile kubwa na vyura wakajibu kabla yake, ikabidi aulizwe tena. Ukingoni tulipanda mvule na mkuyu, na juu kidogo nikaacha mwangani na mitoo vikue mpaka vitoe maua. Nyuki walijaa. Wageni walikuja na viatu vya kuchuchumia wakaniuliza, "Mama, hii si mboga?" Nikawaambia ndiyo, na ni maua pia, na nikigeuka nawakuta wanachuma na kutia kwenye mkoba. Sikuwahi kukasirikia hao. Angalau walijua wanachokiona.

Kisha mafunjo, yale matete marefu ya kinamasini, yakasimama. Hapa nieleze, maana ndipo ugomvi wote ulipo. Kwetu harusi haihesabiki kuwa harusi mpaka njia ipambwe. Watu wanakata migomba na kuisimika pande mbili za barabara, na mlangoni wanapinda tao la mafunjo yenye vichwa vyake kama nywele. Ni desturi nzuri na mimi mwenyewe niliolewa chini ya tao kama hilo. Lakini zamani mafunjo yalikuwa mengi na harusi zilikuwa chache. Sasa ni harusi kila wiki na mafunjo ni yale mliyoyaacha. Mama Amoding alinifundisha kukata kwa zamu, kipande kimoja kwa msimu, baada ya mvua, na kamwe si ule upande wa ndani. Nilifunga kamba ya katani kutoka mvule hadi mvule. Nje ya kamba, kateni kwa zamu. Ndani ya kamba, hata mimi siingii.

Mwaka wa nane wa kazi hiyo korongo wawili walitua. Nilikuwa nimeshika slasha ya kukatia nyasi, nikaiweka chini. Walicheza pale, mabawa wazi, wanainamiana na kuruka. Nilikwenda mbio kumwita Mama Amoding, naye pamoja na uzee wake wote akaja mbio pia. Yeye alilia, mimi nikasingizia jua. Alifariki mwaka uliofuata, na namshukuru Mungu kwa jambo moja tu katika hilo, kwamba hakuona ya mwaka huu.

Mzee Ekisa mwenyewe alibadilika. Miaka yake ya mwisho kazini alikuwa anabeba kiti cha plastiki kwenda kukaa chini kule kuwatazama, na hema likasogezwa ili meza kuu iwaone. Halafu magonjwa ya uzee yakamshika, akamkabidhi mwanawe uwanja. Huyu ni Deno, mnamjua, ndiye meneja wenu. Ni kijana mwenye adabu. Ananiamkia vizuri, ananiletea dawa ya goti kutoka mjini. Ningependa angekuwa mkorofi, ingekuwa rahisi.

Mwezi wa nne mwaka huu korongo walikuwa wanaatamia. Mayai matatu. Nilimwonyesha Deno kwa mbali, nikamwambia mwezi mmoja tu, mtu yeyote asivuke kamba. Akasema, "Sawa Mama, hakuna shida." Kisha dada yangu akalazwa hospitali ya Kocholia na nikaenda kumwuguza siku mbili.

Nilirudi Jumamosi saa nane mchana na harusi ilikuwa imechangamka. Boda ilinishusha langoni, na sikuhitaji kuambiwa. Tao lilikuwa la mafunjo mabichi, manene, marefu, yenye vichwa vilivyojaa. Mafunjo kama yale yalikuwa mahali pamoja tu. Nililipa boda na kuteremka nikiwa bado na mkoba wa hospitali.

Walikuwa wamekata kila kitu ndani ya kamba. Kamba yenyewe walikuwa wameitumia kufungia matita. Kiota kilikuwa wazi juani, mayai matatu, na kando yake chupa ya maji ya mtu. Korongo walikuwa wamesimama mbali kwenye muhogo wa jirani, wanatazama, hawasogei. Niliokota mabua yaliyoachwa na kujaribu kuyasimika kuzunguka kiota, nikiwa na viatu vya kutokea, matope magotini. Muziki ulipopanda korongo walirudi nyuma zaidi. Mpishi mmoja aliyekuja kutafuta kuni akasimama juu yangu.

"Mama, hayo ni ya bata mzinga? Leta tuchemshe, ugali imebaki."

Nilimtazama mpaka akaondoka. Kisha nikampata Deno nyuma ya hema.

"Mama Nekesa, usinikasirikie," akasema kabla sijafungua mdomo. "Gari ya mapambo ilikwama Malaba kwa foleni ya malori tangu jana. Maua yote iko ndani. Mpambaji alikuwa analia, bibi harusi analia. Mimi ningepamba mlango na nini?"

"Ungeuacha."

"Mlango bila mapambo? Watu wangesema nini?"

"Na mayai, Deno?"

"Ni mafunjo tu, Mama. Itamea. Ilikuwa kazi ya dakika tano."

Kweli itamea. Lakini Jumapili asubuhi kunguru walikuwa wamemaliza mayai, na Jumatatu korongo hawakuwa hata kwenye muhogo. Nimekasirika na sioni sababu ya kutumia neno la upole zaidi. Miaka kumi na miwili ya kuchuna visiki na kufunga kamba, imekatwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia bibi harusi kwamba leo mlango wako ni mlango tu. Na lile tao, mnakumbuka, lilikuwa limenyauka kabla ya hotuba kuisha. Nililiburuta jalalani mimi mwenyewe.

Mngedhani hapo ndipo mwisho wa ufedhuli. Mwezi wa sita bango jipya likasimamishwa kwenye barabara ya Malaba. Picha ya korongo wawili, ile aliyopiga mgeni mwaka juzi, na maandishi makubwa: Oana Mbele ya Korongo. Nilishuka kwenye boda nikasimama chini yake nikalisoma mara tatu.

Wiki yangu ya mwisho, wachumba wawili wakaja kukagua uwanja. Msichana ni muuguzi, kijana ni mwalimu, wote wa hapa hapa Teso. Walikuwa wameona bango. Deno akawatembeza juu, akawaonyesha hema na vyoo, na msichana akauliza korongo wako wapi.

Deno akanitazama. Alikuwa ameshaniambia mapema, kwa adabu yake ile ile, "Mama, wakiuliza, sema wameenda kula. Watarudi jioni."

Katika kazi hii nimeua kichuguu cha mwenzangu kwa kuamrishwa. Nilikuwa nimetosheka na kuamrishwa.

"Hawapo," nikamwambia msichana. "Tuliwakatia nyumba wakiwa juu ya mayai ili tupambe mlango wa harusi."

Deno akaangalia simu yake. Kijana akasema labda waende wakaone uwanja wa Busia. Msichana akanigeukia mimi. Akaniuliza, "Ni wapi?" na nikampeleka. Alisimama pale kwenye mashina ya mafunjo, machipukizi yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Akaniuliza kama wanaweza kurudi. Nikamwambia sijui. Wakikuta pamesimama, pengine. Wakikuta pamekatwa, hapana.

Akapanda juu na kumwambia Deno, "Tutafanyia hapa. Mwezi wa kumi na mbili. Lakini sitaki tao, sitaki mafunjo. Andika." Deno akaandika. Nilimwona akiandika.

Sasa nawaambia kilichobaki, maana kazi ni yenu. Nimesikia mama mzazi wa bibi harusi hajaambiwa, na kamati tayari imemchukua mpambaji yule yule. Kufikia Desemba mafunjo yatakuwa yamefika mabegani, mazuri kuliko yote ya karibu. Asubuhi ya harusi gari litakuwa limekwama Malaba, kama linavyokwama kila mara. Mpambaji atateremka na panga analia, meneja nyuma yake anaomba kwa adabu, na watawaambia ni dakika tano tu. Mimi nitakuwa nyumbani na goti langu. Nyinyi mtakuwa pale. Simameni mbele ya mafunjo, na msimpishe mtu.